Amana Haiachwi Mlangoni



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu, liko swali moja katika mji wetu wa Mombasa ambalo huulizwa mwanamke peke yake: "Mtoto umemwachia nani?" Huulizwa arusini, huulizwa matangani, huulizwa hata katika foleni ya feri ya Likoni kabla jua halijatoka, na muulizaji aghalabu hangoji jibu. Sijapata kumsikia baba aliyetoka kwake alfajiri kwenda bandarini akiulizwa hivyo. Katika miaka yangu ya kusomesha, kufungisha ndoa na kusuluhisha waliokosana, nimeliona swali hili likiingia katika nyumba nyingi na kuziacha na majeraha. Mume hulitumia kumnyamazisha mkewe, mavyaa hulitumia kumpima mke wa mwanawe, na mama mwenyewe hujiuliza usiku hali mtoto amelala kifuani pake. Wiki hii nataka tulitazame kwa utulivu, maana mwaka jana lilibisha hodi kwangu pia.

Binti yangu wa pili ni muuguzi. Alijaaliwa mtoto wa kike, na likizo yake ya uzazi ilipokaribia kwisha akaja kwetu pamoja na mumewe, ambaye ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba humpa wiki 2. Wao wamepanga vyumba viwili Kisauni, orofa ya tatu. Mavyaa yake yuko Malindi, anauguza. Sisi tuko Mji wa Kale, na miguu ya mke wangu haimruhusu tena kumkimbilia mtoto anayetambaa.

Mke wangu hakusubiri chai ipoe. "Kazi itapatikana tena," akamwambia, "utoto haurudi. Kaa ulee mwanao." Alikuwapo dadake, ambaye ni mjane na amesomesha watoto wanne kwa cherehani. Yeye akajibu: "Na mume akifa kesho kama alivyokufa wangu, huo utoto utakula nini?" Binti yangu akanyamaza. Mkwe wangu akatazama mkeka. Kisha wote wakanigeukia mimi, kana kwamba katika kabati langu la vitabu mna jibu la neno moja. Nikawaomba siku kumi. Katika siku hizo nilifanya mambo mawili: nilirudi vitabuni, na nilifuatana na binti yangu kwenda kuviona kwa macho vituo vya kulelea watoto, ambavyo vijana wetu huviita dekea.

Nianze na vitabu. Tuliosoma madrasa za pwani tumelelewa juu ya madhehebu ya Imam Shafi, na Minhaj ya Imam Nawawi ni miongoni mwa vitabu vinavyotegemewa sana katika madhehebu hayo. Humo mna mas'ala ambayo huwashtua wanaume kila yanaposomwa darasani. Mama ni wajibu juu yake kumnyonyesha mtoto yale maziwa ya mwanzo kabisa yatokayo baada ya kuzaa. Baada ya hapo, ikiwa hapana awezaye kumnyonyesha ila yeye, ni wajibu aendelee. Lakini akipatikana mwingine wa kumnyonyesha, mama halazimishwi. Akipenda kunyonyesha, hilo ni katika ihsani yake na mapenzi yake kwa mwanawe.

Turudi kwenye Qur'ani yenyewe, aya ya 233 ya Suratul Baqara. Aya hii ni ndefu, na sisi tuna mazoea ya kushika mwanzo wake tu, pale panapotajwa mama kunyonyesha miaka 2 kamili kwa mwenye kutaka kukamilisha. Tusome mpaka mwisho. Baada ya kumtaja mama, aya yamgeukia baba na kumbebesha chakula chake na nguo zake kwa wema. Kisha yakataza mama asitiwe dhara kwa ajili ya mtoto wake, wala baba asitiwe dhara kwa ajili ya mtoto wake. Kisha yazungumzia kumwachisha ziwa kabla ya muda, na sharti lake ni mawili: wawe wameridhiana na wawe wameshauriana. Na mwisho yazungumzia kumpa mtoto mwanamke mwingine amnyonyeshe, na hapo pia haioni ubaya, maadamu mwanamke huyo amelipwa haki yake kwa wema.

Angalieni, ndugu zangu, mambo yaliyomo katika aya moja: mama, baba, mlezi wa kulipwa, mashauriano, ujira, na katazo la kumdhuru yeyote. Anayesimama mimbarini akasema Uislamu umeamuru kila mama akae ndani mpaka mtoto aingie shule, amesoma mstari wa kwanza akafunga msahafu. Na anayesema ulezi wa mtoto ni jambo la fedha tu, lipa ada uende zako, naye hakusoma hata huo wa kwanza.

Maana mtoto naye ana haki yake, na yeye hana ulimi wa kuidai. Miaka 2 ile haikutajwa bure. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 na zaidi. Mtoto wa umri huo hukusanya dunia kwa masikio na pua. Hujua harufu ya mamake kabla ya kujua jina lake. Hujifunza bismillahi kwa kusikia kabla ya kila kijiko. Hujifunza kuwa ulimwengu una rehema kwa kulia na kuona kwamba kuna anayekuja. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala akikusudia kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kuchelea kumtia mamake mashaka. Ikiwa sala ya jamaa ilifupishwa kwa kilio cha mtoto mmoja, sisi ni nani tuseme "mwache alie, atazoea"?

Na bado Mtume huyo huyo (S.A.W.) hakulelewa na mama mzazi peke yake. Miaka yake ya mwanzo aliishi kwa Bi Halima katika Bani Saad, kwa desturi ya Waarabu wa Makka. Alipofiwa na Bi Amina akiwa mdogo, Ummu Ayman alikuwa miongoni mwa waliomlea, naye alimheshimu maisha yake yote kama mama. Kwa hivyo kulelewa na mikono ya mwingine si aibu katika dini yetu. La kuuliza ni mikono hiyo ni ya nani, na imeshikwa na nani.

Wapo wanaosema: "Zamani mama zetu walikaa nyumbani." Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, na nawakumbuka hao mama. Walikuwa nyumbani, naam, lakini hawakuwa wamekaa. Huyu akikanda mahamri usiku ili alfajiri yauzwe, yule akishona kofia za mkono mpaka macho yakamtoka machozi, mwingine akikaanga viazi vya karai na bajia barazani. Wa mashambani walisuka makuti na kupanda mihogo. Walifanya kazi wote. Tofauti ni kwamba nyumba ilikuwa imejaa watu. Alikuwapo bibi ukumbini, shangazi jikoni, mama mdogo aliyeachika chumba cha uwani, na jirani ambaye mlango wake haukufungwa mchana. Mtoto akitoka mikono hii aliingia mikono ile, na mama hakuhesabu kuwa amemwachia mtu.

Leo mama huyo tumempandisha orofa ya tatu au ya nne, tumemfungia mlango wa chuma, mumewe yuko kazini mpaka Isha, jirani hamjui jina, na tunamwambia hivi ndivyo walivyolea wazee wetu. Sivyo. Mama mmoja na mtoto mmoja peke yao baina ya kuta nne kutwa nzima ni jambo jipya katika pwani yetu, sawa na dekea ilivyo jipya. Hapana lililo sunna ya wazee baina ya hayo mawili. Tukilijua hili, mjadala utapoa, na tutaweza kutafuta lililo jema badala ya kutafuta wa kulaumiwa.

Sasa niwaeleze tuliyoyaona. Kituo cha kwanza kilikuwa chumba kimoja cha ukuta wa matofali na paa la mabati. Watoto zaidi ya 20, mwanamke mmoja, na msichana mdogo wa kumsaidia. Televisheni ilikuwa ikisema peke yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, na watoto karibu wote walikuwa wamelala. Binti yangu, kwa jicho la kazi yake, akaiona chupa ya dawa ya kikohozi juu ya kabati, ile yenye kuleta usingizi. Akauliza ni ya mtoto gani. Akajibiwa kuwa ni ya yeyote atakayesumbua. Tulipotoka, binti yangu alisimama kando ya njia akalia, si kwa mwanawe, bali kwa wale tuliowaacha ndani. Habari ile tuliifikisha siku ile ile kwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo, na ufuatiliaji ukafanywa.

Simtetei mwenye kituo. Kumlevya mtoto ili anyamaze ni dhulma, na huenda ikawa ni kumuua. Lakini nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Malipo yalikuwa shilingi 100 kwa siku kwa mtoto. Toa kodi, toa maji ya mkokoteni, toa uji na mkaa, toa siku ambazo mama hana na anasema atalipa kesho. Kinachobaki hakimwajiri msaidizi wa pili. Qur'ani imeshurutisha ujira wa wema kwa mlezi, katika aya niliyoitaja na pia katika aya ya 6 ya Suratut Talaq. Sisi twataka mtu amlinde mtoto wetu saa kumi kwa bei ya sahani ya biriani isiyo na nyama, kisha twashangaa usingizi unatoka wapi.

Kituo cha pili kilikuwa Nyali. Kuta zimechorwa wanyama, kamera kila pembe, vitanda vidogo vyenye vyandarua, walezi wapole waliosomea kazi yao. Sikuona la kulaumu katika usafi wao. Ada ya mwezi, hata hivyo, ilizidi nusu ya mshahara wa binti yangu. Na walezi wale hawakusema na watoto ila Kiingereza, hata na mtoto wa miezi minane. Mkwe wangu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, alisema tulipokuwa kwenye tuktuk: "Nitamlipia ili siku moja ashindwe kuzungumza na mama yangu."

Kituo cha tatu hakikuwa na bango. Ni nyumba ya mama mmoja mjane, hapo hapo Kisauni, mwendo wa dakika chache kutoka kwao. Ana uwa uliofagiwa, mkeka, ndoo za maji zilizofunikwa, na watoto watano. Tulimwambia twamleta wa sita. Akasema hapana, asubiri mpaka mmoja wao aanze nasari, kwa sababu mikono yake ni miwili. Kisha, kabla hatujamuuliza lolote, alianza yeye kutuuliza. Mtoto hulala vipi? Amewahi kupata degedege? Nani atakuja kumchukua, na ikiwa ni mwingine nitamjuaje? Mwasoma nini mnapomlaza? Binti yangu akanitazama, nami nikamtazama. Mlezi anayeuliza ni mlezi anayejua amebeba nini.

Kwa wale wenye kutafuta, haya ndiyo tuliyoyapata katika kutembea kwetu. Nenda bila kutoa habari, na uende saa nne au saa nane mchana, si wakati wa kupeleka wala wa kuchukua. Hesabu mikono kabla ya kuhesabu vitu vya kuchezea. Muulize mlezi hufanya nini mtoto akilia asinyamaze, na usikilize kama anajibu haraka mno. Angalia choo, angalia maji, angalia moto unapopikiwa. Jua ni wanaume gani wanaoingia na kutoka nyumba hiyo. Sikiliza ni maneno gani yasemwayo juu ya vichwa vya watoto, maana hayo ndiyo yatakayorudi kwako jioni. Na ukishampeleka, siku mojamoja mtokee ghafla.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalitilii maanani, na kwa Mwislamu ni zito. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliye chini ya miaka 2 akinyonyeshwa na mwanamke mara tano zilizo mbalimbali, mwanamke huyo huwa mamake wa kunyonya, na watoto wake huwa ndugu zake wasiooana naye. Na hukumu hiyo haikuhusu titi peke yake, bali hata maziwa yaliyokamuliwa akanyweshwa. Kwa hivyo ikiwa kituoni kuna mama anayenyonyesha na humtuliza wako kwa ziwa lake, ni lazima ujue na uandike. Na ikiwa wapeleka maziwa yako katika chupa, yaandike jina, na mlezi afahamu kuwa hayachanganywi na ya mwenzio. Miaka 20 huenda haraka, na posa haitakuuliza ulisahau nini.

Hayo ni ya vituo. Nije kwa mama aliyechagua kukaa nyumbani, maana naye ana haki ya kutetewa. Alikuwapo mwanafunzi wangu wa darasa la akina mama, aliyeacha kazi ya benki alipojifungua wa pili. Husema miaka ile mitatu hawezi kumuuzia mtu kwa bei yoyote. Lakini msikilize na mengineyo asemayo: mumewe humpa kila mwezi fungu lake yeye mwenyewe, mbali na matumizi ya nyumba, bila ya kuombwa; na hajapata kumtambulisha kwa watu kuwa "huyu hafanyi kazi." Huyo amekaa kwa heshima.

Na alikuwapo mwingine, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mumewe alimwamuru aache kazi alee. Akaacha. Baada ya mwaka mmoja alikuja kwangu na daftari la duka la jirani, limejaa madeni ya maziwa, unga na nepi. Mume alisema biashara imelala. Nikamwita, nikamwambia mbele ya nduguye: "Wewe umemzuia kutoka na umemzuia kula. Hilo la kwanza ulilitafutia dini. Hili la pili umelitafutia wapi?" Nafaka ya mke na mtoto ni deni juu ya mume, naye hawezi kushika kufuli la mlango akatupa ufunguo wa stoo. Mwenye kutaka mke wake akae nyumbani, na akae mwanzo yeye mwenyewe, achukue kalamu, aandike kila kitu ambacho mshahara wa mke ulikuwa ukikibeba, kisha aseme: haya yote nayabeba mimi. Asipoweza kuyabeba, basi aseme kwa upole kuwa hawezi, na hapo ndipo mashauriano huanza.

Na kubeba si kwa mfuko tu. Mtume (S.A.W.) alimswalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama binti Zaynab, akienda kusujudu humweka chini, akisimama humchukua tena. Bibi Aisha alipoulizwa anafanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala. Na alipomuona mtu wa kabila la Tamim akijigamba kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, hakumsifu kwa uanaume wake. Alimwonya kuwa asiyerehemu harehemewi. Sunna hizi sisi wanaume tumeziachia vitabu. Twashika ya ndevu na kanzu, na ya kumbeba mtoto twamwachia yaya.

Natazama pia upande wa jamii. Kuna miezi 3 ambayo sheria inaitoa, na kuna miezi 6 ambayo mtoto anaihitaji. Kati ya hizo mbili pana pengo, na mama anatakiwa aliruke peke yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri waweke chumba cha akina mama kunyonyeshea na kukamulia maziwa. Wangapi miongoni mwetu wenye maduka makubwa, hoteli na maghala tumeweka? Huko binti yangu anakofanya kazi, mahali pa wagonjwa, akina mama walikuwa wakikamulia katika stoo ya mashuka mpaka walipoungana wakadai.

Na tusiseme hatuwezi. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa Mombasa walikuwa na shida inayofanana na hii. Watoto wao walikuwa wakiingia darasa la kwanza nyuma ya wenzao, na nasari nzuri zilikuwa mbali au hazina dini. Wazee wakapeleka haja yao kwa Aga Khan, na kupitia taasisi yake kukaanzishwa nasari za madrasa, zilizochanganya Qur'ani, Kiswahili na mchezo. Bi Swafiya Said, mwalimu wa mji huu, akaingia mitaani akiwafunza wanawake vijana kuwa walimu, kwa vifaa vya kuokota: vifuu, kome, vibao na vitambaa. Mitaa ikatoa vyumba na kamati. Mpango huo ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda. Basi ikiwa waliweza kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, kwa nini tusiweze kwa wa miaka miwili? Misikiti yetu ina vyumba vinavyofunguliwa jioni kwa madrasa na kufungwa asubuhi nzima. Tuna wajane wenye mikono ya rehema na mifuko mitupu. Tuna zaka na sadaka. Kinachokosekana ni kuamua kuwa mtoto wa jirani ni kazi yetu.

Mtauliza binti yangu waliamua nini. Siku ya kumi walikaa yeye na mumewe kwa kalamu na karatasi, mimi nikatoka kwenda msikitini ili mashauriano yawe yao. Niliporudi walikuwa wameridhiana. Aliomba miezi mitatu zaidi bila mshahara, akapewa. Mume akabeba kodi yote na kuahirisha pikipiki aliyokuwa akiiwekea akiba. Miezi sita ilipotimia, mmoja wa watoto wa yule mjane alikuwa ameanza nasari na nafasi ikapatikana. Mkwe wangu humpeleka mtoto mwenyewe asubuhi, mkoba wa nepi begani, na vijana wa barazani walimcheka wiki moja kisha wakachoka. Malipo waliyokubaliana na yule mama ni zaidi ya alivyotaka, kwa shauri la binti yangu. Mke anapokuwa na zamu ya usiku, mume hulala na mtoto. Alhamisi mtoto huletwa kwetu.

Mke wangu hajabadilisha rai yake. Kila Alhamisi humkagua mjukuu wake kutoka unyweleni mpaka ukuchani, na asipoona kasoro husema, "Mmh," kisha humpaka mafuta ya nazi upya. Simlaumu. Jicho lake hilo ni sehemu ya ulinzi wa mtoto yule, na nyumba isiyo na bibi wa kushuku imepungukiwa.

Nami nasema hili kwa yakini: unapomkabidhi mtoto mlangoni asubuhi, umekabidhi kazi, hukukabidhi amana. Amana imebaki shingoni mwenu wawili, baba na mama, na mtaulizwa nayo nyote. Na unapokaa naye nyumbani, kukaa peke yake hakujatimiza amana. Mtoto aweza kuwa mapajani mwa mamake na macho ya mama yakawa kwenye simu kutwa.

Siku hizi, kabla sijafungisha ndoa, huwaita maharusi na walii wao nikawauliza matatu. Akizaliwa mtoto, nani atakuwa naye mchana? Ikiwa ni mama, nani atabeba kilichokuwa kikibebwa na mshahara wake? Ikiwa ni mwingine, mtamlipa nini, na nani kati yenu atakwenda kumtazama? Wengine hucheka. Wengine hutazamana kwa mara ya kwanza kama watu watakaoishi pamoja. Walii mmoja aliniambia kuwa haya si masharti ya ndoa. Nikamjibu kweli, si masharti yake, lakini ndiyo yanayoivunja.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walazwapo adhuhuri, awape walezi wao riziki ya halali na nyoyo laini, na atujaalie sisi baba kuijua njia ya kwenda kuwachukua jioni. Amin.

Wabillahi tawfiq.